Neema, Jumamosi usifunge

Tabata, Jumatano usiku

Mwanangu Neema,

Umelala, na sitaki kukuamsha, maana tukiyaanza tena yale ya mezani tutafika alfajiri na basi langu la Moshi linatoka pale Magufuli saa kumi na mbili. Nimeona heri niandike. Neno lenyewe ni lile lile: Jumamosi usiifunge kwenye chupa hiyo waini yako ya choya.

Ulisema dumu limenyamaza, halitoi povu tena, kwa hiyo waini imeiva. Nimetoka jikoni sasa hivi. Nimevuta kigoda nikautazama ule mpira wa dripu uliouzamisha kwenye chupa ya maji, simu mkononi. Likatoka povu moja. Nikahesabu mpaka sekunde 53, likatoka jingine. Hilo halijanyamaza, mama. Na hata lingenyamaza kabisa bado nisingekubali, kwa sababu mfuniko ukivuja kidogo tu hewa inapita pembeni, maji yanatulia, na huko ndani hamira inaendelea kula sukari. Hamira ya mkate huchoka mwishoni, inakwenda kwa kusuasua. Lakini kuchoka si kufa. Siku joto likipanda inaamka.

Haidromita, kile kipimo kinachoelea na kuonyesha sukari iliyobaki, ndiyo ya kuaminiwa. Leo umesoma 1.012. Ngoja ishuke chini ya 1.000, upime, ukae siku tatu, upime tena. Namba isiposogea, hapo tunaongea habari za vizibo. Kwenye yale mafunzo ya waini tuliambiwa Wafaransa wanapotengeneza shampeni huongeza sukari kama gramu 24 kwa kila lita ndipo wanafunga, makusudi, ili ipate gesi, na presha ndani inafika kama mara tatu ya upepo wa tairi la gari. Ndiyo maana chupa yao ni nene vile. Wewe kwa namba ya leo una sukari nyingi kuliko hiyo, na chupa zako 24 ni nyepesi, za kuokoteza baa.

Halafu unataka kuongeza sukari nyingine kwa kuwa shangazi zako wanapenda tamu. Hapo ndipo uliponitisha. Waini ikaushe, ifunge ikiwa kavu. Siku ya send-off ya Rehema chemsha sukari na maji, ipoe, uchanganye kwenye jagi pale pale mezani. Atakayetaka tamu atapata tamu. Na usiniambie habari za friji. Baridi inailaza hamira, haiiui. Zikitoka kwenye friji zikakaa nyuma ya gari jua la saa saba, foleni ya Ubungo, umebeba nini?

Zile chupa za waini ya mananasi zilizopasuka mwaka ule, niliwaambia wote kwamba zilikuwa mbovu. Kovu la kaka yako unalijua. Chupa hazikuwa mbovu, Neema. Mteja alikuwa ameshatoa nusu ya hela, na wiki ile ada ilikuwa inadaiwa.

Kwa hiyo hiyo advansi ya chupa kumi uliyopokea baada ya kuweka picha kwenye status, mrudishie mwenyewe kesho. Hela ya mtu ikiwa mfukoni hata macho yanasoma haidromita vibaya. Tena kuuza ni habari nyingine, kunataka leseni na alama ya ubora ya TBS, na wewe hii ni ya kwanza. Hii ni ya kunywa na ndugu. Nilikasirika kuona ile picha, sikuficha. Lakini rangi ile niliipenda. Nimeiweka kwenye glasi mbele ya taa nikaona nyekundu imekaa, haina ukungu wa wiki iliyopita, na harufu ya choya bado imo. Mimi sikuwahi kupata rangi hiyo. Bibi yako naye alipika mbege miaka yote na hakuwahi kuandika kitu, wewe una daftari la tarehe na joto la kila asubuhi. Nimelisoma lote. Tarehe nane hukuandika.

Siku ya kufunga ikifika, na siyo Jumamosi, dumu liweke juu ya meza tangu jana yake ili mashapo yatulie, usilitikise. Mpira wa kuhamishia waini usiguse chini. Ukiona wekundu umeanza kuwa mzito, acha, hiyo lita moja na nusu ya mwisho si yako. Chupa uzioshe kwa brashi na uzisuuze kwa maji yaliyochemshwa yakapoa kiasi. Ya moto mno yatazipasua. Acha nafasi ya vidole viwili chini ya kizibo. Zisimame siku tatu, kisha uzilaze chini kwenye vigae vya stoo, siyo juu ya kabati, kule juu kuna joto.

Na moja ijaze kwenye chupa ya plastiki ya soda, ile ya nusu lita. Ifunge kama nyingine, iweke karibu nazo. Kila asubuhi ibonyeze kwa dole gumba. Ikibonyea, sawa. Siku utakayoikuta imekuwa ngumu kama jiwe, usisubiri kunipigia: vaa jaketi la jinzi, zungushia taulo kila chupa, fungua zote. Watoto wa mama Asha wasiingie stoo.

Luku ina yuniti 31, zitoshe mpaka Jumatatu usipowasha pasi ovyo. Maji yakitoka jaza tangi kwanza ndipo ufue. Hela ya kikoba elfu ishirini iko ndani ya Biblia, mpe mama Asha mkononi, asipewe mtoto. Fundi wa paa akija mwambie nimesafiri, asipande mpaka nirudi. Mara ya mwisho alivunja bati akasema lilikuwa limevunjika. Dagaa nimewaacha juani kwenye ungo, waingize kabla ya paka.

Bibi sijui nitamkuta katika hali gani. Nikifika nitakupigia.

Ile mashine ya kupigia vizibo nilikuwa nimeitia kwenye begi langu, chini ya khanga, niondoke nayo. Nimeitoa. Iko pale pale ulipoiweka, kwenye kitambaa chake. Jumamosi nitumie picha ya haidromita, picha ya namba, siyo maneno.

Mama yako