Kwako uliyecheka baridi ya Tabora

Mdogo wangu, mwangaluka, kama bado unakumbuka kuitikia.

Nimeona kwenye grupu la familia nilipoandika kwamba leo nimeshindwa kuoga ukajibu "baridi gani ya Tabora" na vile vikatuni vya kucheka mpaka machozi. Sawa. Najua Januari ulitutumia picha kope zako zimeshika barafu huko Edmonton, Kanada, na mama akakuombea kwa sauti mpaka jirani akajua. Lakini saivi ni Julai bwana, huko kwenu jua linazama saa nne usiku, umevaa kaptula, halafu unanicheka mimi niliyeko kwenye kipupwe, nyumba ya bati, dirisha la nyavu, maji ya pipa yamelala nje usiku kucha. Umesahau kwamba huku tuko juu, mita 1,200 hivi, mbingu nyeupe haina hata wingu la kutufunika, joto lote la mchana usiku linapaa. Saa kumi na mbili simu yangu ilikuwa inasoma digrii 14. Na hita hatuna, tuna jiko la mkaa na kanga mbili.

Ungeona bodaboda. Wote wamegeuza makoti nyuma mbele, zipu iko mgongoni, upepo usiwaingie kifuani, na makoti yenyewe ni yale manene ya mtumba yenye manyoya kwenye kofia, yani nahisi ni ya huko huko kwenu. Wangu wa leo kofia ilimkaa chini ya kidevu kama mtoto anayelishwa uji, zipu ikawa imemshinda, akaniambia "dada hebu nivutie hapo," nikamvutia mpaka shingoni ndo tukaondoka Isevya.

Sokoni kuna baba alikuwa anajaribu koti la zambarau, akalivua haraka, "hili la kike hili." Muuzaji hata hakuinua macho, "baridi haiulizi jinsia, baba, funga vifungo." Akafunga. Akalipa.

Pale kwa muuza kahawa mzee mmoja kajifunga taulo shingoni anawaeleza wenzake baridi hii imetoka Iringa. Mwenzake: "Wewe na Iringa mlikutana wapi, hata Nzega hujafika." Nikacheka kikombe kikanimwagikia, na sijutii, vidole vilipata joto.

Stesheni nayo ni ile ile, watu wamejiviringisha mablanketi wanasubiri mabehewa yagawanywe, ya Kigoma huku, ya Mwanza kule, na yupo kijana alikuwa anamuuliza kila mtu "hili la Mpanda?" mpaka bibi mmoja akamwambia panda tu mjukuu wangu, ukifika ziwani shuka.

Halafu ikifika saa saba mchana jua linawaka, makoti yote yako begani au kichwani, midomo imepasuka, miguu imepauka kama tumetembea kwenye unga, na hakuna anayekubali kwamba asubuhi alikuwa analalamika.

Mama anakusalimia. Viazi ameshachemsha, amevianika juu ya bati viwe matobolwa, fungu lako analitenga. Ila kila jioni nikipanda kuyaanua nakuta yamepungua, na mbuzi wetu hawapandi bati, na mimi usiniulize kitu.