KUH: Boila la gari moshi mlilolifungua, mkalibonyeza na kuliita mtambo wa chang'aa

Kwa Meneja, Idara ya Huduma kwa Wateja,
Makao Makuu.

Bwana Meneja,

Natumai nyote hapo ofisini mu wazima. Mimi si mzima, na sababu mnayo ninyi.

Jibu lenu kwa malalamiko yangu ya boila mlilolisafirisha nimelisoma. Mnasema mnasikitika kwa usumbufu na mtanirudishia nauli ya kifurushi tu, kwa kuwa mali iliyoandikishwa ni sufuria ya shaba na masharti yenu ya vyombo vya nyumbani yanajulikana. Kwa heshima zote, neno sufuria sikuliandika mimi. Aliliandika karani wenu wa Mombasa, baada ya rafiki yangu kumweleza kwa kituo kwamba hili ni boila, yaani tangi la kuchemshia mvuke, la kichwa kidogo cha gari moshi, limepimwa, lisigongwe, lisitiwe kitu ndani. Karani akajibu kompyuta yenu haina boila, akachagua sufuria. Basi Mombasa likaondoka sufuria, na Mokowe, gati la bara, likafika mtambo wa pombe.

Mokowe yenyewe ni hadithi nyingine, maana nililipia lifike Lamu mjini. Nauli ya boti ya kulifuata ng'ambo nilitoa mfukoni mwangu. Hilo nimelisamehe.

Siku yenyewe ilikuwa Ijumaa. Nilitoka msikitini nikaenda moja kwa moja gatini, kanzu mwilini na kofia kichwani. Nilipoingia ofisini kwenu sanduku lilikuwa limeshafunguliwa, matambara yamemwagwa sakafuni, boila liko wazi juu ya kaunta, na kijana wenu ameshika bisibisi ya mpini mwekundu anaichokonoa ndani kupitia tundu la vali ya usalama. Sijatoa salamu, akaniuliza kwa sauti ya kusikika hadi nje: "Mzee, hii ndiyo ya kupikia chang'aa?" Watu wakacheka. Nikamwambia ni boila la gari moshi. Akasema, "Gari moshi Lamu?" Wakacheka zaidi.

Ukaguzi wa usalama siukatai. Njia ya Witu na hatari zake sote tunaijua, na kifurushi chenye mabomba ndani lazima mtu akitazame. Lakini askari aliyeitwa alikuja, akaliinamia, akachungulia upande huu na ule, akauliza maswali mawili ya adabu, akasema, "Mzee, likianza kwenda utuite tuje tuone." Kulitambua hakukumchukua muda. Yeyote aliyepata kuona mtambo wa pombe anajua una mrija mmoja wa kupoozea mvuke. Boila lina mabomba mengi yaliyonyooka, yanatoka chumba cha moto hadi upande wa dohani. Moto na moshi hupita ndani yake na maji yakayazunguka. Kijana wenu alikuwa nalo mikononi, na mabomba yako wazi ncha zote mbili. Angelielekeza dirishani tu angeona mwanga upande wa pili.

Mtaniuliza mzee wa Lamu na gari moshi, wapi na wapi. Sidhani ni kazi ya kampuni ya vifurushi kuuliza, ila nitajibu. Nimestaafu kutengeneza mashine za boti. Reli haijapata kufika kisiwani kwetu, na kichwa cha mvuke nilikiona kwa karibu katika Makumbusho ya Reli pale Nairobi, lile kubwa la aina ya Garratt liitwalo Mount Gelai, na walinzi nusura wanifungie ndani. Tangu hapo ninajenga changu cha kwanza, cha kukimbia juu ya reli yenye upana wa inchi 3½. Fremu iko tayari, magurudumu nimeyakereza. Vyuma vya silinda vya kusubu vilitoka Uingereza, vikavuka bahari, vikapita forodha, vikafika bila mchubuko. Boila limetoka Mombasa.

Na boila ndiyo roho ya kazi yote. Sahani zake nilizikunja mwenyewe hapa Langoni: unaichoma shaba hadi iwe nyekundu, unaizamisha majini, inalainika, unaigonga juu ya kalibu ya mti hadi ianze kukakamaa, kisha unaichoma tena. Ukiharakisha, inapasuka kwenye kona. Kuunganisha nilikupeleka Mombasa kwa rafiki yangu mwenye moto mkubwa, kwa lehemu ya fedha, inayohitaji nyuzi zaidi ya 600. Lehemu ya risasi ya mafundi redio huyeyuka kwenye nyuzi 183 au karibu na hapo, na mvuke wa ratili 80 kwa inchi ya mraba tayari umeshapita nyuzi 160. Hakuna fundi mwenye akili atakayeiamini. Kisha tukalipima kwa maji baridi hadi ratili 160, mara mbili ya presha ya kazi. Maji, kwa sababu hayabanwi: palipo na udhaifu patavuja tu, wakati hewa ingelilipua. Sindano ya geji ilisimama pale pale. Cheti cha kipimo hicho kilikuwa ndani ya sanduku, juu kabisa. Kijana wenu alikuwa amekitumia kuwekea chupa ya soda.

Narudia habari ya kaunta, maana jibu lenu limeiruka. Mimi ni mtu mzima mwenye wajukuu. Nimesimama mbele ya kijana ninayeweza kuwa babu yake, na hakuinua hata uso. Bisibisi inazunguka ndani ya tundu, nasikia chuma kinakwaruza shaba. Kwenye foleni, mtu wa tatu kutoka mlangoni, alikuwa mkwe wangu, baba yake mume wa binti yangu, mtu ambaye mimi na yeye hatujapata kuitana kwa jina. Ndiye aliyesikia, "Mzee, hii ndiyo ya kupikia chang'aa?" Mimi, nimetoka kusali. Mkwe hakucheka. Aliangalia chini, akaacha zamu yake, akatoka nje. Nilipomwomba kijana atoe ile bisibisi, aliitoa, kisha akalisukuma boila kwangu kwa kiganja kama anayesukuma sahani tupu, likateleza, likagonga ukingo wa mzani wenu. Hakusema pole. Alisema, "Weka sahihi hapa."

Sikuweka. Nimeambatanisha karatasi hiyo, ina nafasi tupu.

Hasara ni hii. Kola, ile pete inayofungiwa vali ya usalama, ina uzi mwembamba, meno 40 kwa inchi, na bisibisi imeyalaza meno ya mwanzo. Ubavu wa chumba cha moto umebonyea upana wa kidole gumba, karibu na stei mbili, vile vijiti vinavyoishikilia sahani. Kwa macho ni kidogo. Ila shaba iliyotoka kwenye moto wa lehemu huwa laini, na sahani bapa haibebi presha yenyewe, inabebwa na stei. Zikitikisika, ufa unaweza kuwa ndani kwenye kiungo ambako jicho halifiki. Siwezi kuliwasha hivi, na wajukuu watakuwa wamekaa hatua mbili nyuma yake.

Kwa hiyo nilikuwa naomba mambo mawili tu: mlipe gharama ya kurekebisha kola na kupima upya, na mniandikie barua ya kuomba radhi. Hayo ndiyo niliyomwambia msimamizi wenu wa Mokowe kwa adabu. Akanijibu nipige namba ya huduma. Nikapiga. Nikasikilizishwa muziki.

Sasa, baada ya jibu lenu la sufuria, mambo si mawili tena. Mtalipia kola na kipimo. Kipimo kikionyesha kiungo kimeachia, mtalipia shaba mpya, lehemu ya fedha na kazi yote ya fundi wa Mombasa, pamoja na kulisafirisha kwenda na kurudi, na halitasafirishwa nanyi. Mtarekebisha risiti isomeke boila. Barua ya radhi haitatumwa kwangu peke yangu. Itabandikwa kwenye dirisha la kaunta ya Mokowe, ikisema wazi kwamba kifurushi hakikuwa mtambo wa pombe, ikae mwezi mzima, kwa sababu waliosikia uongo ule wanapita hapo kila siku. Na kijana mwenyewe avuke aje Lamu amwombe radhi mkwe wangu, si mimi. Ile nauli ya boti niliyosema nimesamehe, nayo naitaka.

Ninawapa siku saba tangu mpokee barua hii. Zikipita, malalamiko yatakwenda kwa Mamlaka ya Mawasiliano inayowapa leseni, na dai langu litafunguliwa Mahakama ya Madai Madogo, ambayo husikiliza madai hadi shilingi milioni moja na haimlazimishi mtu kuja na wakili. Katiba mnayo, someni Kifungu cha 46 juu ya haki za mteja, kisha mrudi nyuma kwenye cha 28 juu ya heshima ya mtu. Askari aliyelikagua boila amekubali kueleza alichokiona. Na kama mawakili wenu wataleta tena neno sufuria, nitaomba liletwe mahakamani, na mmoja wenu alipikie wali mbele ya hakimu.

Boila liko karakanani kwangu, sijaligusa. Mkitaka kumtuma mtu alikague, aje mchana, abishe hodi, na asije na bisibisi.

Wenu mteja wa zamani,
Fundi mstaafu wa mashine za boti,
Langoni, Lamu.

Viambatanisho: nakala ya risiti, karatasi isiyo na sahihi, cheti cha kipimo chenye alama ya chupa, picha za kola na ubavu.