Mdogo wangu, saa nne asubuhi utalala wapi?

Mdogo wangu,

Mwangaluka. Mama amenipigia juzi kutoka Kahama, sauti imemkauka kwa furaha, kuniambia umepata kazi hospitali ya Bugando. Kabla sijakata simu ujumbe wako nao ukaingia, maswali kumi na moja, na tisa kati yake yanauliza mandhari. Ziwa linaonekana chumbani? Kuna ufukwe wa kukaa jioni? Yale mawe ya kwenye picha yako karibu na kwako?

Nakujibu hadharani kwa sababu si wewe wa kwanza kuniuliza hayo. Kila anayepangiwa kazi Mwanza anataka mtaa wa pembeni mwa ziwa, penye utulivu, karibu na kazini. Na ziwa naliona, ndiyo. Nikipanda juu ya ndoo.

Lakini wewe ni nesi. Utapangiwa naiti kama wenzako, utashuka kile kilima cha hospitali asubuhi macho yamevimba, wakati Mwanza nzima ndiyo kwanza imechangamka. Hapo ndipo pa kuanzia. Saa nne asubuhi utalala wapi?

Chumba changu cha kwanza kilikuwa Mabatini. Dalali alikisifia sana, na kwa kweli kilikuwa kizuri: sakafu ya vigae, choo cha ndani, daladala mlangoni. Nilikwenda kukiangalia Jumapili, fundi wa mageti wa chini yangu amefunga. Jumatatu nimetoka zamu, nimeoga, nimejifunika shuka mpaka kichwani, grainda likaanza. Hujawahi kusikia grainda likikata nondo ukiwa umelala juu yake. Meno yanawasha. Likinyamaza unasikia nyundo, nyundo ikinyamaza redio ya kijana wake. Nilikuwa nalala kwa saa mbili tu, nikibahatika tatu.

Wiki ya tatu ndipo nilipojikata. Kazi yetu ya kiwanda cha samaki unaijua kwa kusikia tu, ngoja nikueleze. Sangara anakuja mezani ametoka kwenye barafu. Unaingiza kisu nyuma ya shavu, unakilaza, unakishusha ukifuata mfupa wa mgongo mpaka mkiani, mkono wa kushoto unainua mnofu kadiri kisu kinavyotembea. Ukizoea, mkono unajua wenyewe. Shida ndiyo hiyo, mkono unajua wenyewe na kichwa kinapata nafasi ya kusinzia. Nilisinzia nimesimama, macho wazi. Niliposhtuka, maji ya mezani yalikuwa mekundu na samaki hawatoi damu kiasi kile. Nyuzi tisa kwenye kiganja cha kushoto. Msimamizi akaandika kwenye daftari: uzembe. Sawa, uzembe. Lakini uzembe wenyewe ulianzia Mabatini, kwenye lile grainda, na daftari halina mstari wa kuandika hayo.

Aliyenitoa huko ni mlinzi mmoja wa Capri Point. Usicheke. Najua ukisikia Capri Point unawaza mageti makubwa, kuta ndefu na magari yenye vioo vyeusi, na ni kweli, rasi yote ile inayoingia ziwani imejaa nyumba za namna hiyo. Ila kila nyumba kubwa ina uani, na uani kuna vyumba. Mwenye nyumba wetu anaishi Dar es Salaam, anachotaka ni watu wa kuonekana wakiingia na kutoka. Nalipa shilingi 80,000 kwa mwezi, miezi sita kwa mpigo. Choo cha nje. Bomba moja. Vigae hakuna.

Tuko vyumba vinne. Mimi wa samaki, mlinzi, kijana anayepakua mizigo bandari ya Mwanza Kusini, na nesi wa huko huko kwenu, mama mtu mzima ambaye nimeshamwambia habari zako. Wote wanne tunafanya kazi usiku, si wote kila wiki, lakini hakuna wiki ambayo uani kwetu hakuna aliyelala mchana. Kwa hiyo kuna sheria ambayo hakuna aliyeiandika: kabla ya saa nane mchana hapatwangwi kitu, redio haiwashwi, na ndoo haiburuzwi, inanyanyuliwa. Siku ya pili tu baada ya kuhamia niliburuza ndoo. Yule mama nesi alifungua mlango nusu, akaniangalia, akafunga. Sijaburuza tena.

Na jiwe. Ulitaka habari za mawe, basi hili. Nyuma ya chumba changu kuna jiwe kubwa kuliko chumba chenyewe, limeinama juu ya bati kama ng'ombe anayenusa. Usiku kucha linapoa, kwa hiyo asubuhi linatoa ubaridi na kivuli mpaka karibu saa saba. Hapo mimi nimelala. Likishika moto mchana halipoi haraka, jioni chumba kinakuwa tanuri mpaka saa nne za usiku, na hapo mimi niko kiwandani nimesimama kwenye barafu. Mtu wa ofisini angekihama chumba hiki wiki ya kwanza. Mjusi anayekaa juu ya jiwe, yule mwenye kichwa chekundu na mwili wa buluu ambaye wataalamu wamemwita Agama mwanzae kwa jina la mji wetu, huwa anafika akishapata jua, anapiga pushapu zake, nami hapo nageukia upande wa pili.

Usidhani lakini kwamba ufukweni kuna kimya. Kuna sauti, ila zina utaratibu. Furukombe analia alfajiri juu ya mti wa jirani. Meli ya Bukoba ikiondoka usiku inapiga honi, na stesheni haiko mbali, siku ya treni utajua. Jioni upepo unatoka ziwani na kupigapiga bati, usiku unageuka unatoka nchi kavu. Baada ya mwezi mmoja hutazisikia hizo. Ila grainda sikulizoea.

Kitu kimoja sikukitegemea: mwezi. Wavuvi wa dagaa wanavua kwa taa, kwa hiyo wanatoka siku za giza. Ukitoka nje usiku huo utaziona taa zao huko majini zimejipanga mstari, utadhani kuna mji mwingine ng'ambo. Mbalamwezi ikishika wanapumzika, maana taa haivutii dagaa kwenye mwanga ule, na siku hizo Kirumba kwa wavuvi kunachangamka kuliko kawaida, watu wana usingizi wa kutosha na wana fedha. Muziki unavuka maji mpaka kwetu. Mimi siku hizi nikiona mwezi mpana najua kesho nitalala na pamba masikioni.

Mwezi ukiwa mchanga nako kuna vidudu. Vinaibuka ziwani kwa wingi, mbali unaweza kudhani moshi, na upepo ukivileta ukutani vinakaa kama masizi. Haviumi. Zima taa ya nje, funga dirisha, kula mapema. Aliyekuambia vinaliwa hakukudanganya, wako wenzetu wa ng'ambo nyingine za ziwa wanaovikanda wakavichoma, lakini mimi sijajaribu.

Ulitaja bustani. Kwetu bustani ni hifadhi nzima, Saanane, na mashua yake inaondokea huku huku Capri Point, dakika chache tu umefika. Ilianza 1964 kama bustani ya wanyama, ikapandishwa kuwa Hifadhi ya Taifa mwaka 2013, na hakuna iliyo ndogo kuliko hiyo nchini. Jina ni la mzee Saanane, mvuvi na mkulima aliyekuwa akiishi humo. Kuna swala pala, tumbili, na pimbi wanaolala juu ya mawe kutwa kama wametoka naiti. Nilikwenda mara ya kwanza nikiwa na bendeji mkononi. Nilipata jiwe la kivuli, nikalala saa tatu nzima, askari wa hifadhi akanisubiri kwa heshima mpaka mashua ya mwisho. Kiingilio hicho sikukijutia.

Mitaa mingine nitaipitia haraka. Isamilo ni pazuri, milima na miti, ila kupanda kwake baada ya zamu si mchezo. Bwiru kumetulia sana nako ufukweni, lakini ukitoka huko lazima uvuke Kirumba na mji mzima ndipo ufike Bugando. Luchelele na Malimbe kuna upepo safi, ila ni mbali, na vyumba vya karibu na chuo cha SAUT vimejaa wanafunzi. Mwanafunzi hajui mtu analala mchana. Igogo kungenifaa mimi kwa kiwanda, ningekwenda kazini na kandambili. Harufu nayo ingenifuata mpaka kitandani. Kirumba karibu na Mwaloni, pale wanapoanika na kuuza dagaa, usiniulize.

Dalali atakuambia kuna chumba "kinagusa maji". Kikatae. Sheria ya mazingira ya mwaka 2004 inataka mita 60 kutoka ukingo wa ziwa ziachwe bila shughuli za kudumu za watu, na nyumba nyingi zinazogusa maji hazina hata kumi. Mwaka 2020 ziwa lilipojaa kuliko lilivyowahi kupimwa hadi wakati ule, nilipita kando ya nyumba moja ambayo kamongo aliingia sebuleni, wenyewe wamekaa juu ya meza wakicheka, kwa kuwa kulia kulikuwa kumeshaisha. Na majini usikanyage ovyo pembezoni penye majani. Kichocho unakijua kuliko mimi.

Kutoka kwetu mpaka Bugando, mchana unaweza kwenda kwa miguu: unapita stesheni, unakatiza mjini, kisha kile kilima kinakumaliza. Usiku chukua boda ya kijana unayemjua. Yule mama nesi anaye wake, mtachangia.

Chumba cha tano uani kilikuwa stoo. Mwenye nyumba amekubali kukisafisha, nimeshatoa kishika uchumba cha mwezi mmoja, utanirudishia ukilipwa. Kina dirisha dogo upande wa jiwe. Ziwa halionekani hata ukipanda ndoo. Lete pazia zito, jeusi kama lipo, na michembe ya mama, ile ya gunia dogo.

Basi lako likishusha Nyegezi panda daladala ya mjini, utapita Mkuyuni na Igogo, shuka mjini kati uchukue boda mpaka Capri Point. Ukifika itakuwa mchana. Ufunguo nimempa mlinzi, jina lako analo. Mizigo iweke kibarazani, inyanyue, usiiburuze, na usinigongee. Nitakuwa nimelala.

Dada yako