Simbi Nyaima pia ni hadithi ya kesho

Mhariri, jana usiku nilimaliza bando yote nikisoma jarida la mtandaoni la hadithi za kufikirika na mashairi, roboti huku, watu wanahamia Mars kule, na kusema ukweli mashairi ndo yalinibamba. Lakini karibu yote Kizungu! Jalada, lile kundi la waandishi wa Afrika, walitoa toleo la Afrika ya kesho 2015, poa sana, sasa Kiswahili je? Huku Nyanza tuko na ziwa la Simbi Nyaima karibu na Kendu Bay, wazee husema kijiji kizima kilizama usiku juu walimfukuza bibi kizee aliyeomba chakula kwa sherehe. Hebu mtu aiandike ikitokea 2090, Kondele yetu hapa Kisumu iko chini ya maji, matatu zinapita kama samaki mbuta. Mkitenga nafasi kidogo nitatuma shairi langu.

Msomaji, Kisumu