Madereva nao wasikilizwe

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niunge mkono habari mliyochapisha kuhusu wafanyakazi wa usafirishaji wanaojiua. Dereva wa lori anayelala ndani ya gari pale Segera, mkoani Tanga, posho ya safari imekwisha na nyumbani hajafika wiki kadhaa, hana wa kumweleza yanayomsibu. Akisema amechoka huambiwa ajikaze, au usukani anapewa mwingine.

Tena kifungu cha 217 cha Kanuni ya Adhabu ya Tanzania kinamhesabu aliyejaribu kujiua kuwa mkosaji, hivyo wengi huficha (nani atajipeleka polisi?). Kifungu hicho kifutwe. Wakati tukisubiri Bunge, viongozi wa madereva washirikiane na Hospitali ya Bombo kuweka mshauri nasaha Segera na stendi ya mabasi ya Kange, hapa Tanga mjini, hasa jioni magari yanapoegeshwa.

Wako,
Msomaji, Tanga