Barua kwa mwanangu, kutoka bonde la karatasi

Mwanangu mpenzi,

Assalaam alaykum. Ujumbe wako umenikuta ndani ya treni, na nimeona haujibiki kwa kugusagusa simu. Unauliza mambo mawili. Mtu mzima kama mimi, nishahiji na nywele zishanigeuka, nimekwenda kutafuta nini kwenye hekalu la Kibudha? Na karatasi, ambayo tungeiagiza ikatufikia Unguja kwa posta, ina nini hata niifuate Japani wakati wa theluji? Kaa kitako nikujibu. Naanza na karatasi, maana ndiyo iliyonipandisha ndege.

Ile karatasi nyembamba ninayoibandika nyuma ya kurasa zilizochanika unaijua tangu ulipokuwa ukija kazini kwangu ukitoka skuli. Ukiilaza juu ya maandishi unayasoma yote, na ukiivuta haikatiki upesi. Kwa karatasi hiyo na gundi ya wanga wa ngano tumeziokoa hati za nikaha, barua za wafanyabiashara, na tenzi za herufi za Kiarabu zilizoandikwa juu ya karatasi za Kiitalia, zile ambazo ukiziinua kwenye mwanga unaona alama ya hilali tatu zimefuatana. Kabla yetu watu walibandika selotepu, na wewe mwenyewe umeshika pamba ukanisaidia kuondoa gundi yake iliyogeuka manjano. Miaka yote hiyo karatasi ya Kijapani imepita mikononi mwangu, na sijapata kumuona mtu anayeitengeneza. Jambo hilo lilinikaa moyoni.

Sisi hatukuwa wa mwanzo kuitegemea. Mto Arno ulipofurika Florence mwezi wa Novemba 1966 ukazamisha vitabu kwa malaki, mafundi waliokwenda kuviokoa waliitumia sana karatasi hii, na baada ya hapo ikazidi kuenea katika vyumba vya ukarabati duniani.

Basi niko Echizen, mkoa wa Fukui, upande wa Japani unaotazama bara la Asia. Treni ya kasi inafika karibu kabisa. Stesheni ya Echizen-Takefu ilifunguliwa Machi 2024. Kutoka hapo unaingia bonde lenye mto mdogo, na nyumba za watengeneza karatasi zimesongamana kandokando yake. Wenyeji wanasimulia kwamba miaka 1,500 hivi iliyopita alitokea mwanamke upande wa juu wa mto, akawaambia: bonde lenu halina mashamba ya kutosha, lakini maji yake ni safi, basi ishini kwa karatasi. Akavua vazi lake la juu, akalitundika kwenye ufito, akawafundisha. Wanamwita Kawakami Gozen, na wamemjengea hekalu pale Otaki. Imani yao si yangu, lakini nimependa mno kwamba kijiji kizima kinamkumbuka aliyewapa ufundi, tena mwanamke. Na ufundi wenyewe uliwafikisha mbali. Mwaka 1661 watawala wa Fukui walitoa noti zao juu ya karatasi ya hapa, na mwaka 1868 serikali mpya ya Japani ikatumia karatasi hii hii kwa noti za mwanzo za nchi nzima.

Mti unaoliwa sana na kazi hii ni kozo, jamii ya mforsadi. Kwa hiyo ni ndugu pia wa mtuba, ambao Waganda hulitwanga gome lake wakapata nguo ya lubugo. Matawi ya kozo hukatwa majani yakishapukutika, yakafukizwa, gome likavuliwa, ngozi yake nyeusi ikakwanguliwa mpaka libaki lile jeupe la ndani. Hilo huchemshwa kwa magadi au maji ya majivu likalainika, likasuuzwa, likapondwa. Nyuzi hazikatwi, zinaachwa na urefu wake, sentimita moja hivi, ilhali nyuzi za karatasi ya kawaida ya kiwandani ni milimita chache tu. Ndiyo siri ya ule ubishi wake unapoivuta.

Kinachofuata nilitamani uwepo ukione. Ndani ya hodhi la maji na nyuzi hutiwa ute wa mizizi ya mmea uitwao tororo-aoi, jamii ya bamia. Ute ule ule unaovutika mwikoni! Mimi nilidhani ni gundi, fundi akanifahamisha kuwa hauigandishi karatasi hata kidogo. Unazifanya nyuzi zielee bila kushikamana wala kuzama, na unayachelewesha maji yasichuruzike kwa pupa kwenye chujio la vijiti vya mianzi. Fundi huteka, akayumbisha mbele na nyuma, akateka tena, tabaka juu ya tabaka, kisha akayamwaga maji ya juu kwa mkupuo mmoja. Karatasi mbichi hulazwa juu ya mwenziwe bila kitambaa kati yao, rundo zima likakandamizwa polepole lichuje maji, na siku ya pili zinabanduliwa moja moja, nzima nzima, zikapigwa brashi juu ya mbao zikauke. Ute huo huharibika kwa joto. Ndiyo maana karatasi nzuri ni ya majira ya baridi, na ndiyo maana nimekuja Januari.

Chumba kilichonishika kuliko vyote ni cha pembeni, kando ya maji yanayopita. Humo wamekaa wanawake, mmoja wao rika la bibi yako, mikono ndani ya maji ya baridi kali, wanazipitia nyuzi zilizochemshwa na kutoa uchafu kwa vidole: kipande cha gome, kovu la tawi, chembe ambayo sikuiona mpaka nilipooneshwa. Bibi huyo akimaliza fungu analipitia tena. Nilimuuliza kupitia mkalimani kama hakuna dawa ya kuzifanya nyuzi zing'are bila taabu yote hii. Akasema dawa zipo, ila nyuzi zinadhoofika, na atakayeiona hasara ni mtu wa miaka mia ijayo. Kisha akarudi kwenye maji yake. Mjini Nara, katika hazina ya Shosoin, kumehifadhiwa kurasa za daftari la watu la mwaka 702, na zinasomeka. Mimi nilizijua habari hizo kwa kusoma, lakini nilipomtazama bibi yule ndipo nilipozielewa. Karatasi bora niliyopata kuitumia Unguja ilipitia kwanza vidole kama vile, na sikuwahi hata kumuombea dua mwenyewe. Sasa namuombea.

Bibi huyo ndiye anayenirudisha kwenye swali lako la kwanza, maana alinikumbusha kisa nilichosimuliwa hekaluni wiki iliyopita. Mtawa Dogen, aliyezaliwa mwaka 1200, alivuka bahari kwenda China mwaka 1223 kutafuta elimu. Siku moja ya jua kali alimkuta mpishi mzee wa monasteri, mgongo umepinda, kichwa hakina kofia, anaanika uyoga. Akamuuliza kwa nini asimpe kijana kazi ile. Mzee akajibu kwamba wengine si yeye. Na kwa nini iwe sasa, jua likiwaka hivi? Mzee akamuuliza: basi ningoje wakati gani? Dogen alirudi kwao na jibu hilo, akafundisha kwamba kupika na kufagia ni ibada sawa na kukaa kimya, na mwaka 1244 akaanzisha hekalu milimani, mashariki ya mji wa Fukui, ambalo sasa ni Eiheiji. Ndiko nilikolala.

Usije ukadhani nimegusa kitu katika dini yangu. Nilimueleza mtawa mapema kwamba mimi ni Muislamu, siinamii sanamu, akaitikia kwa adabu na kunionesha pa kukaa nyuma. Chakula chao hakina nyama. Nikauliza habari ya pombe ya kupikia, nikala uji wa mchele, achari na tofu ya ufuta. Chumbani nilielekea magharibi, kaskazini kidogo, maana ndiko iliko Makka ukiwa huko. Wao wanaamka usiku mkubwa na alfajiri ya majira haya huchelewa kuingia, kwa hiyo nilikaa kwanza, nikasali baadaye.

Kikao chenyewe wanakiita zazeni. Unakaa juu ya mto mweusi wa mviringo, miguu umeikunja kwa kadiri magoti yanavyoruhusu, uso umeelekea ukuta. Macho hayafumbwi, yanateremshwa. Mkono wa kushoto unalala juu ya wa kulia, ncha za madole gumba zinagusana kidogo tu. Kengele inalia mara tatu mnaanza, inalia mara moja mmemaliza, na katikati ni dakika 40 hivi. Hapana dhikri ya kutaja, hapana cha kuhesabu. Wazo likija linaachwa lipite, halifuatwi wala halifukuzwi. Mimi nimezoea tasbihi, na ile mikono mitupu ilinitisha kuliko baridi.

Nitakwambia kwa nini. Tangu baba yako atutoke, Mwenyezi Mungu amrehemu, sijakaa bila kitu mkononi. Umeniona. Nikitoka kazini nashona, nikimaliza kushona naosha vyombo vilivyokwishaoshwa. Watu wakanisifu kwa subira, na wewe ukanyamaza, nadhani ulijua. Mbele ya ule ukuta hapakuwa na ukurasa wa kubandika. Nikamsikia anaburuta kandambili kwenye ngazi, akikohoa pale kwenye kona kabla ya kuita jina lako. Sikuifuata sauti wala sikuifukuza, kama nilivyoelekezwa, ikakaa na mimi mpaka kengele. Nililia nikisali. Tangu siku hiyo nalala usiku mzima.

Kutulia peke yake si jambo geni kwetu. Mtume, rehma na amani zimshukie, alikuwa akijitenga kwenye pango la Hira. Lakini ilibidi nitoke nyumbani nikutane na watu wanaolinda utulivu kama tunavyolinda hati, saa kwa saa, hata msalani na bafuni ambako kwao ni marufuku kusema. Ukipata nafasi ya kuja, lala hekaluni. Wapo wageni wanaopitia saa moja, wanapiga picha ya miti mirefu ya sugi na kuondoka, nami nawaonea huruma.

Sasa mambo ya nyumbani. Nimenunua karatasi za kozo, nyepesi za kurasa na nzito za migongo ya vitabu. Zitakuja mkononi kwangu, sizitii kwenye mzigo. Ile niliyoiteka mwenyewe kwenye nyumba wanakofundishwa wageni nimekuwekea wewe uandikie.

Juu ya kabati langu kuna sanduku la bati lenye karatasi za baba yako: barua alizotuandikia akiwa Maskati, daftari zake za hesabu, na yale mashairi aliyokuwa akiyaficha. Lishushe kabla ya masika, maana dari pale inavuja. Liweke juu ya meza ya kazi, mbali na dirisha, ulipanguse kwa kitambaa kikavu. Ufunguo anao bibi yako. Usilifungue mpaka nifike, tulifungue sote wawili, na pengine itatuchukua mwaka kulimaliza. Wanga wa ngano uliobaki uko kwenye chupa yenye kifuniko cha kijani. Uangalie kama haujaingia wadudu, na kama umeingia agiza mwingine mapema.

Wasalimie wote, na bibi yako mbusu mkono kwa niaba yangu.

Mama yako