Beaujolais unataka barafu

Mhariri,

Makala yenu ya wiki iliyopita ilisema mvinyo mwekundu hauingizwi kwenye friji, na mlo wake ni nyama ya ng'ombe basi. Mimi ni mpishi, huu ni mwaka wa 11 niko Lyon, Ufaransa. Naomba nafasi niutetee Beaujolais, mvinyo mwekundu wa huku, maana ushauri huo unauharibu kabisa.

Mashamba yake yako kaskazini mwa mji huu. Zabibu zake ni gamay, nyeusi, ganda jembamba. Vichala hutiwa kwenye tangi vikiwa vizima, havipondwi. Zabibu za chini hupasuka kwa uzito wa zile za juu, maji yake yanaanza kuchacha, na gesi inayopanda inazifanya zile nzima nazo zichache kwa ndani. Ndiyo maana mvinyo huu unanukia matunda, na ukakasi wake ni mdogo: haukaushi ulimi kama uliyeng'ata ndizi mbichi. Ukinywewa kwenye joto la Dar es Salaam, nyuzi 30, pombe inakupanda puani na yale matunda huyasikii tena.

Likizo iliyopita niliagiza chupa kwenye hoteli moja hapo Dar, ikaja vuguvugu. Nikaomba ndoo ya barafu. Mhudumu akanieleza kwa upole kwamba ndoo ni ya mvinyo mweupe. Simlaumu, ndivyo alivyofundishwa. Lakini dakika 20 kwenye barafu na maji zingetosha. Beaujolais unapendeza kwenye nyuzi 12 hadi 14.

Na chakula je? Kwenye migahawa ya Lyon iitwayo bouchon, mvinyo huu huletwa mezani kwenye pot, chupa ya sentilita 46 yenye kitako kinene cha kioo, nzito mkononi hata ikiwa tupu. Wateja wangu wa mchana wengine huingia na nguo za kazi. Wanaagiza soseji nene ya nguruwe iliyochemshwa, na viazi, au maini ya kuku, au jibini laini iliyochanganywa na kitunguu saumu na majani mabichi. Uchachu wa gamay unakata mafuta, mtu anarudia tonge kwa hamu. Kipande kizito cha ng'ombe ndicho kinachoufunika. Hapo labda uchukue Morgon au Moulin-à-Vent, mvinyo wa sehemu mbili za huko huko Beaujolais, ambao ni mzito zaidi mdomoni na unavumilia kukaa miaka. Ule wa kawaida usiuweke kabatini kungoja harusi, unywe ungali mchanga.

Kwenye likizo hiyo hiyo nilimpelekea kaka yangu chupa moja. Tuliiweka kwenye friji saa nzima, tukala na kitimoto ya kukaanga, ndizi, ndimu na kachumbari. Kaka ni mtu wa bia tangu ujana wake. Glasi ya pili alijimiminia mwenyewe.

Namwomba mwandishi wenu aujaribu hivyo kabla ya makala yake ijayo.

Mpishi Mtanzania,
Lyon, Ufaransa